Rozimari yako haikufa kwa kiu: jibu kwa msomaji wa Tanga

Swali: "Naishi Chumbageni, Tanga mjini. Nina kibanda cha chakula cha jioni, nauza mishikaki, kuku na viazi. Nyama peke yake ni kama kilo tano kwa usiku. Mara tatu nimeagiza miche ya rozimari kutoka Lushoto nikaipanda uani. Kila mara inakwenda vizuri miezi ya joto, halafu ikifika Mei majani yanakuwa ya kijivu, yanakauka, na mche unakufa, ingawa namwagilia asubuhi na jioni. Niliambiwa ni mmea wa nchi kavu, unavumilia ukame. Mbona unakauka na mvua inanyesha? Na nikifanikiwa kuupata, niutumieje kibandani bila kuharibu ladha ya chakula?"

Jibu:

Dada, rozimari yako haikufa kwa kiu. Ilikufa kwa maji mengi, na ule ukavu ulioona kwenye majani ndio unaowapotosha wengi wanaoipanda pwani. Mizizi nayo hupumua. Kati ya chembe na chembe za udongo mna nafasi ndogondogo zenye hewa. Mvua za masika zikishuka siku nne tano mfululizo, na wewe ukaongeza ndoo zako asubuhi na jioni, nafasi hizo hujaa maji na hewa hutoka. Mizizi midogo ya nchani, ile inayonyonya hasa, huanza kufa. Hapo huingia vimelea vya jamii ya Phytophthora na Pythium, ambavyo mbegu zake huogelea katika maji ya udongoni mpaka zikaufikia mzizi uliodhoofika. Mzizi uliooza haupandishi maji hata ukiwa katikati ya dimbwi. Kwa hiyo juu majani yanakauka, chini udongo umelowa chepechepe, na mwenye mche anadhani dawa ni kuzidisha maji. Kila ndoo anayoongeza inaimaliza mizizi iliyobaki.

Hakikisha mwenyewe. Kama mche wa mwisho bado upo, uchimbue na kuisuuza mizizi. Mzizi mzima ni mweupe nchani, hudhurungi hafifu karibu na shina, na ukiuvuta unakaza. Uliooza ni mweusi au kahawia iliyokolea na una harufu ya tope. Ubane kwa kidole gumba na cha shahada kisha uvute taratibu: ganda la nje litavuka kama soksi na kukuachia uzi mwembamba wa katikati. Ukiona hivyo, usitafute sababu nyingine. Mizizi ikiwa mikavu na migumu, na udongo ni vumbi mpaka chini, hapo ndipo ungesema ni kiu, na kwa Mei ya Tanga hilo ni nadra mno.

Hilo la kuvumilia ukame ni kweli, ila lina masharti mawili ambayo muuza miche hakukwambia. Kwanza, uvumilivu huo ni wa mmea ulioshika, wenye mizizi iliyokwenda chini. Mche uliotoka kwenye kiriba (kimfuko cha kuoteshea) jana hauna. Pili, kwao rozimari ni pwani za Bahari ya Mediterania, kwenye miteremko ya mawe ya chokaa ambako mvua hunyesha majira ya baridi na miezi ya joto hupita mikavu kabisa. Litazame jani lake moja: ni jembamba, kingo zimekunjwa kwa chini, na tumbo la jani lina manyoya meupe. Vitundu vya kupumulia vimefichwa humo ndani ya manyoya ili maji yasipotee hovyo kwa jua na upepo mkavu. Sisi huku hali imepinduka. Joto letu huja na unyevu hewani, na mvua kubwa kuliko zote humwagika Aprili na Mei, udongo ukiwa bado wa moto. Ukame rozimari inauweza. Joto na maji mengi vikikutana mizizini, haiviwezi.

(Ukitafuta maelezo au mbegu, usishangae kukuta majina mawili ya kitaalamu. Kwa miaka mingi iliitwa Rosmarinus officinalis. Mwaka 2017 wataalamu wa mimea waliiingiza katika jamii ya Salvia, na sasa huandikwa Salvia rosmarinus. Mmea ni uleule.)

Basi kabla hujanunua mche wa nne, upime uwanja wako. Chimba shimo la kina cha sentimita 30 na upana huohuo. Lijaze maji, uache yanywee yote, kisha ulijaze tena mara moja na usimamishe kijiti chenye alama. Baada ya saa moja soma maji yameshuka kiasi gani. Yakiwa yameshuka chini ya sentimita 2.5, hapo usipande rozimari ardhini bila tuta. Yakishuka kati ya sentimita 5 na 15, una mahali pazuri. Mji wa Tanga una nyua za mchanga na vipande vya matumbawe ambazo hunywa maji mara moja, na una nyua za udongo mwekundu unaonata kiatuni. Huwezi kujua yako ni ipi kwa kutazama juu tu.

Udongo ukiwa wa kunata, kosa linalofanywa sana ni kuuchanganyia ndoo mbili tatu za mchanga ukidhani umeulainisha. Mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi hukamata na kuwa mgumu zaidi. Dawa ni kuinuka. Jenga tuta la kimo cha sentimita 30 hadi 40 na upana wa mita 1.2, ulizungushie mawe au matofali yaliyoachwa nyufa maji yapite. Ndani yake weka mchanganyiko huu: ndoo mbili za udongo tifutifu, ndoo mbili za mchanga mnene wa mto, na ndoo moja ya mboji iliyoiva. Ukipata chenga za matumbawe za ukubwa wa punje ya mahindi, ongeza nusu ndoo. Zinafungua udongo, na chokaa iliyomo haiidhuru rozimari, kwa kuwa inapenda udongo wa pH (kipimo cha uchachu) 6 hadi 7.5. Mchanga wa ufukweni usiutumie. Ni mwembamba, unashikana, na una chumvi mizizini. Rasharasha ya chumvi inayoletwa na upepo wa bahari haisumbui sana majani yake, lakini chumvi kwenye mizizi ni habari nyingine.

Kwa wewe mwenye ua wa mjini, vyungu vinaweza kuwa bora kuliko tuta, kwa sababu moja kubwa: masika yakikaribia unaviinua. Chukua chungu cha udongo wa kuchoma kisichopakwa rangi, chenye upana wa sentimita 30 juu. Hupumua pembeni, na hukauka mapema kuliko plastiki. Kama huna, ndoo ya lita 20 inafaa, ukiitoboa matundu manane ya upana wa kidole kidogo kwenye kitako. Weka kila chombo juu ya matofali mawili ili tundu lisizibwe na sakafu, wala usikiwekee kisahani. Utaambiwa pia utandike kokoto chini ya chungu ili maji yashuke. Usifanye. Maji hayapendi kutoka kwenye udongo mwembamba kwenda kwenye kokoto. Hujikusanya juu ya tabaka la kokoto na kukaa palepale penye mizizi. Kipande kimoja cha wavu juu ya tundu kinatosha, kisha mchanganyiko uleule tangu chini hadi juu.

Mahali pawe na jua lisilopungua saa sita kwa siku na upepo unaopita. Ukuta wa uani unaozuia kusi unaonekana kama kinga, kumbe unaacha majani yamelowa mpaka saa sita mchana. Kati ya mche na mche acha sentimita 75. Mwanzoni utaona nafasi imepotea. Ukifika mwaka wa pili matawi yatakuwa yanagusana.

Sasa miche. Ile inayoshushwa kutoka Lushoto imekulia kwenye ubaridi wa milima, ina majani laini, na ikipandwa moja kwa moja kwenye jua la Tanga hushtuka. Ukiinunua, ikae siku 10 hadi 14 kwenye kivuli chepesi ikipata jua la asubuhi pekee. Na kabla ya kulipa, omba kuona mizizi: kiriba kinachotoa maji ukikiminya, au mche unaochezacheza shinani, urudishe. Lakini ushauri wangu ni uoteshe yako mwenyewe kwa vipandikizi, kwa kuwa mmea uliozaliwa hapa umezoea hewa ya hapa tangu mzizi wa kwanza. Mbegu ziache. Huota chache, tena kwa kuchelewa, na miche yake hailingani.

Kipandikizi kizuri ni ncha ya tawi ya sentimita 10 hadi 15 isiyo na maua, ambayo chini yake imeanza kukakamaa lakini bado haijawa mti mkavu. Ukiipinda inajikunja kidogo ndipo inavunjika. Kata kwa kisu kikali chini kidogo ya mahali majani yanapotokea. Pukutisha majani ya theluthi mbili za chini, maana jani litakalozikwa litaoza na kuozesha kijiti. Chomeka kwa kina cha sentimita 4 au 5 kwenye mchanga mnene wa mto uliooshwa, uliochanganywa na mboji iliyochekechwa, mchanga sehemu tatu na mboji sehemu moja. Unga wa kuoteshea mizizi wa madukani ukiupata utumie. Usipoupata vitaota vilevile. Watu wa nchi kavu hufunika kwa mfuko wa nailoni kutunza unyevu. Huku pwani usifunike, hewa yetu inatosha, na chini ya nailoni ukungu huamka haraka. Weka penye kivuli chepesi pasipo na upepo mkali, nyunyiza asubuhi udongo wa juu ukianza kupauka. Mizizi hutoka kati ya wiki 4 na 8. Usikivute kijiti kujaribu kama kimeshika. Ukiona majani mapya nchani, tayari. Tegemea kupoteza kama nusu, kwa hiyo chomeka mara mbili ya unavyohitaji.

Majira ndiyo yaliyokuwa yakikuponza bila kujua. Ukipanda Januari, mche unafika masika ukiwa na miezi mitatu tu ardhini, mizizi ikiwa bado pale juu penye maji. Chomeka vipandikizi Juni, mvua zikiwa zimekatika na kipupwe kimeanza. Agosti vihamishie kwenye viriba. Mwisho wa Septemba panda mahali pa kudumu, vinywe mvua za vuli, vikomae na kiangazi cha Januari na Februari. Masika yakifika utakuwa na kichaka chenye shina gumu. Wakati wa kupanda, shina lisizikwe zaidi ya lilivyokuwa kwenye kiriba. Bora libaki juu kwa upana wa kidole.

Maji, wiki mbili za kwanza baada ya kupanda, mpe mche lita moja kila baada ya siku tatu. Wiki nne zinazofuata, mara moja kwa wiki. Akishashika, kiangazi kikali mpe lita tatu hadi nne kila siku 10 hadi 14 kama yuko ardhini, umwage polepole shinani pasipo kulowesha majani. Mvua ikinyesha, huna kazi. Wa kwenye chungu hauwezi kusubiri hivyo kwa kuwa mizizi haina pa kwenda: zamisha kidole mpaka pingili ya pili, na kama huko chini ni kukavu, mwagilia mpaka maji yatoke tunduni, kisha uache. Kwa chungu cha sentimita 30 hilo huja kila siku tatu hadi tano Februari, na Julai linaweza kuchukua siku nane. Usifuate kalenda kuliko kidole.

Mbolea iwe kidogo. Konzi mbili za samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, Juni na Oktoba, zinatosha mche mzima. Samadi mbichi ya kuku au urea itakupa matawi marefu ya kijani yanayopendeza macho, lakini laini, yasiyo na harufu, na ya kwanza kushikwa na ukungu.

Mwisho wa Februari kuna kazi moja ambayo ukiiruka utaijutia Mei. Pogoa ndani ya kichaka: ondoa matawi yanayopishana katikati, na yote yaliyo chini ya sentimita 10 kutoka ardhini, mpaka uone mwanga ukipenya. Kisha tandaza chenga za matumbawe au kokoto safi kuzunguka shina, unene wa vidole viwili, ili matone ya mvua yasirushie udongo kwenye majani. Nyasi kavu na makumbi ya nazi, ambayo ni mazuri kwa mboga nyingine, hapa hayafai kwa sababu yanashika maji shinani. Vyungu vihamishie upenuni au barazani panapopata jua la kutosha. Vichaka vya kwenye tuta wengine huviwekea nailoni angavu juu ya miti minne, kimo cha mita moja na nusu, pande zote wazi. Inafaa sana mwaka wa kwanza. Nailoni ikifika chini na kufunga upepo, heri usiiweke.

Masika hayohayo, ukiona majani ya katikati ya kichaka yamekuwa kahawia na kugandamana kama yaliyofungwa na nyuzi za buibui, huo ni ukungu wa Rhizoctonia. Kata tawi lote mpaka penye afya, choma moto, wala usilitupe kwenye mboji. Unga mweupe juu ya majani ni ubwiriunga. Mpunguzie matawi apate upepo. Kiangazi hubadilika adui: majani yakipauka kwa vidoa vidogo vyeupe na ukakuta vijidudu visivyoonekana vizuri kwa macho tumboni mwa jani, ni utitiri. Unapenda vumbi na ukavu. Upige kwa maji ya nguvu kutoka chini kwenda juu, asubuhi, siku tatu mfululizo. Ukirudi, changanya kijiko cha chai cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, jaribu tawi moja kwanza, subiri siku mbili, ndipo unyunyize mche wote jioni na kuusuuza asubuhi yake. Vidukari na inzi weupe hutolewa kwa njia hiyohiyo. Mmea wa kula usiupulizie dawa kali za shambani.

Na pale palipokufa miche mitatu, usipande wa nne. Vimelea vile hukaa udongoni miaka. Weka mchaichai, utafurahia masika yote. Vyungu vilivyoua mche vitupie udongo wake mbali, uvioshe kwa sehemu moja ya jiki na sehemu tisa za maji, na kuvianika juani. Siku nyingine ukiona mche umeanza kuwa wa kijivu, usihangaike kuuokoa mzima. Ncha ambazo bado ni za kijani zikate siku hiyohiyo uzifanye vipandikizi. Mama akifa, watoto wamebaki.

Tukija jikoni. Harufu ya rozimari iko kwenye mafuta yaliyomo ndani ya jani, nayo huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji. Ndiyo maana ukiitupa kwenye mchuzi mwepesi haisemi kitu, na ukiikaanga taratibu kwenye mafuta ya uvuguvugu kwa dakika mbili inajaza nyumba. Moto ukiwa mkali jani huungua na kuwa chungu. Hilo ndilo litakalokusumbua kwenye jiko la mkaa: majani yaliyong'ang'ania nyama huwa meusi kabla nyama haijaiva. Kwa hiyo kwenye mishikaki jani lisagwe, lisibaki zima.

Kwa kilo moja ya nyama laini ya ng'ombe, chukua kijiko kikubwa kimoja cha majani mabichi yaliyokatwakatwa, punje nne za kitunguu saumu na kijiko cha chai cha chumvi. Twanga kwenye kinu mpaka uwe uji mzito. Chumvi ndiyo inayosaga jani, usiiache. Ongeza vijiko vikubwa viwili vya mafuta, maji ya ndimu mbili na nusu kijiko cha chai cha pilipili manga. Nyama ikae humo saa mbili hadi nne. Ukizoea kulainisha kwa papai bichi, litie saa moja ya mwisho tu, kijiko kikubwa kimoja, la sivyo nyama itapondeka kijitini. Kabla ya kuweka jikoni, kwangua viungo vilivyorundikana juu. Kuku ni hivyohivyo, ila ndimu ibadilishe kwa chungwa la Muheza, maji yake pamoja na ganda lililoparuzwa bila ule weupe. Rozimari na chungwa vinaelewana kuliko rozimari na ndimu.

Matawi uliyopogoa usiyatupe. Yaliyonyooka ya sentimita 20, unene wa penseli, yapukutishe majani isipokuwa kishungi cha juu, chonga ncha, loweka dakika 30, na uyatumie kama vijiti vya mishikaki. Nyama hupata harufu kutoka ndani. Kishungi kielekee nje ya mkaa.

Viazi mviringo kilo moja: vichemshe na maji ya chumvi dakika nane, uvimwage maji na kuvitikisa sufuriani mpaka pembe zichubuke. Vikaange kwenye mafuta mpaka viwe rangi ya dhahabu, na rozimari iingie dakika mbili za mwisho, kijiko kikubwa kimoja. Ukiitia mwanzo utauza viazi vichungu. Samaki anataka mkono mwepesi: changu wa kilo moja kijitawi kimoja cha sentimita 6 tumboni, ukitoe kabla ya kupakua. Kwenye samaki wa kupaka, au chochote chenye tui, usiitie kabisa. Ina ukali wa kafuri ambao nazi haiufuniki, na zote mbili hupoteza. Pilau nayo iache na viungo vyake.

Rozimari kavu ina nguvu zaidi: palipotakiwa kijiko kikubwa cha mbichi, weka kijiko cha chai cha kavu. Kausha Januari na Februari, siyo masika, maana usiku hewa ya masika hukirudishia unyevu kile ulichokausha mchana. Funga matawi matano sita pamoja, tundika kivulini penye upepo siku 7 hadi 10. Jua hupausha jani na kuondoa harufu. Jani likikatika kwa mlio, pukutisha, hifadhi kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza.

Jambo moja nakusihi ulizingatie kwa sababu unalisha watu. Usiloweke majani mabichi au kitunguu saumu kwenye chupa ya mafuta na kuiacha mezani kibandani. Ndani ya mafuta hakuna hewa, na bakteria wa Clostridium botulinum wanaotoka na jani au udongo wanaweza kukua humo na kutoa sumu isiyo na harufu wala ladha. Mafuta ya namna hiyo yakae kwenye friji, yatumike ndani ya siku nne, yaliyobaki yamwagwe. Kwa kiasi cha chakula rozimari haina shida kwa watu wengi. Mjamzito asinywe chai yake nzito, na mwenye kifafa ajiepushe na mafuta yake yaliyotolewa kwa mvuke.

Mwisho, hesabu ya kibanda. Kilo tano za nyama ni vijiko vikubwa vitano, yaani vijitawi 10 hadi 15 kwa usiku, takriban 100 kwa wiki. Kichaka cha mwaka mmoja na nusu kilichotunzwa hukupa vijitawi 25 au 30 kwa mkato mmoja, kisha kinahitaji wiki sita hadi nane kurudisha. Usivune zaidi ya theluthi moja ya kijani kwa mara moja, wala usikate mpaka kwenye mti mtupu usio na jani, hapo hapachipui tena. Kwa kutumia kila usiku unahitaji vichaka 25, tuta la mistari miwili lenye urefu wa mita kumi hivi. Ua wa mjini hauna nafasi hiyo. Anza na 12, ambavyo vitatosha mishikaki ya Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na siku nyingine tumia kavu. Ili upate 12, Juni ikifika chomeka vipandikizi 24; mkato wa kwanza mwepesi usiuanze kabla ya Machi, mche ukiwa umepita sentimita 30.